Droni ikianguka majini: boya, vanishi, bima au droni isiyoogopa maji?

Droni yangu ya kwanza haikuanguka. Ilishuka vizuri, taratibu, taa zikimetameta, ikatua juu ya bahari. Tulikuwa botini tukipiga picha za ngalawa zikirudi kutoka kuvua. Betri ilipoanza kulia nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, nayo ikarudi nyumbani kama ilivyoamriwa. Nyumbani kwake ni pale ilipopaa, na sisi tulikuwa tumeshasogea kama mita mia mbili. Nahodha alinitazama, akauliza kwa upole: "Sasa mwanangu, umeituma wapi?"

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila kinachouzwa au kutengenezwa kwa ajili ya balaa hili, na kila msimu wa harusi za ufukweni naulizwa na vijana wa kamera: ninunue nini? Jibu langu huanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kuzuia droni isilowe, na kuna kuzuia droni isipotee. Wengi hukimbilia la kwanza. Mimi nasema la pili ndilo la kulipia mwanzo, kwa sababu droni iliyolowa ikapatikana ina memori kadi ndani yake, na kwenye memori kadi kuna bibi harusi akishuka kwenye boti. Siku hiyo hairudiwi.

Unarusha juu ya maji gani?

Bahari na ziwa vinaua kwa namna tofauti. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na hupitisha umeme mara mamia kuliko maji ya Ziwa Victoria. Betri ikiwa bado imechomekwa, umeme unapita ndani ya maji kutoka pini hadi pini na kuila shaba. Ndani ya dakika chache tu unaweza kuona ukungu wa kijani. Maji ya ziwa ni mpole zaidi. Nimewahi kuona droni iliyokaa ziwani karibu saa nzima ikapona kwa kuoshwa tu.

Lakini ziwa lina kina, na halipwi. Kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, Paje au Jambiani, maji ya bamvu, yale ya kujaa na kupwa sana, yakitoka unaweza kutembea mbali sana kuelekea mwambani huku maji yakikufika magotini. Droni iliyozama hapo asubuhi unaweza kuiokota kwa mkono saa sita baadaye. Ziwa Victoria linafika takriban mita 80 mahali penye kina kirefu, na hata karibu na ufukwe maji yake huwa na tope na magugu maji, mzamiaji haoni mkono wake. Tanganyika ni safi, ila kina chake kinafika mita 1,470, na pande za Kigoma ardhi inaporomoka karibu sana na ufukwe. Mzamiaji wa starehe mwisho wake ni mita 40. Kwa hiyo anayerusha baharini ndani ya mwamba adui yake ni chumvi, na anayerusha ziwani adui yake ni kina. Mnunuzi asiyejua yuko upande gani atanunua kifaa cha mwenzake.

Kuna na upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo ufukwe wa mashariki wa Unguja pepo zote mbili zinasukuma droni kuelekea nchi kavu, na upande wa Mji Mkongwe zote mbili zinaitoa nje. Ukirusha kutoka Forodhani, kwenda ni mteremko na kurudi ni mlima, betri ikiwa imebaki nusu. Ziwani, alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, mchana ukageuka. Droni ndogo kama DJI Mini 3 zimeandikwa kuhimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, lakini kuhimili upepo na kuushinda ukiwa unarudi nyumbani ni habari mbili.

Wengine huniambia mbona mwaka 2018 mradi wa kampuni za DHL na Wingcopter na shirika la Ujerumani la GIZ uliruka kilomita 60 kuvuka Ziwa Victoria kupeleka dawa Ukerewe, wastani wa dakika 40 tu? Ni kweli. Ila chombo kile kina mabawa. Hizi zetu za propela nne hazina pa kuegemea. Mota moja ikifa, zinashuka kama dafu.

Boya la kufunga na boya la kufyatuka

Boya la kufunga ni kipande cha sponji unachokifunga miguuni mwa droni. Hesabu yake haihitaji mhandisi. Droni ya gramu 249 haiwezi kuzama ikisukuma maji ya mililita 250, basi ukiwa na sponji ya mililita 300 umemaliza. Sponji ile ya fimbo za kuogelea za watoto ina uzito wa kama gramu 30 kwa lita, kwa hiyo boya zima ni gramu tisa au kumi. Kwa Mavic 3 yenye gramu 895 utahitaji karibu lita nzima, na hapo ndipo linapoanza kuwa pambo la ajabu. Povu jeupe gumu la maboksi ya samaki ni jepesi kuliko hilo, ila linamong'onyoka na punje zake zinaingia kwenye mota. Wavuvi wetu hukata kandambili kuwa maboya ya nyavu, na ni mazuri kwa nyavu. Kwa droni ndogo ni mazito mno. Nilijaribu, ikapaa kama bata.

Ubaya wa boya hili ni kwamba linashika upepo muda wote, hata siku ambazo huangukii popote. Dakika za kuruka zinapungua, droni inayumba, na ukilifunga vibaya linaziba vihisi vya chini au matundu ya kupozea. Tena droni ikitua majini hupenda kupinduka, kwa sababu uzito uko juu na boya liko chini. Utaikuta inaelea miguu juu, kamera ndani ya maji. Sawa, lakini utaikuta. Kwa walioko Ulaya au Marekani kuna jambo jingine: droni ya gramu 249 imepimwa hivyo makusudi ibaki chini ya mpaka wa gramu 250. Boya la gramu kumi linakuvusha mpaka na sheria inabadilika.

Boya la kufyatuka ni kijaluba kidogo chenye uzi uliokunjwa na kiboya. Kinafungwa na kitu kinachoyeyuka kikiguswa na maji, kama kile cha majaketi ya kujiokoa yanayojijaza yenyewe. Droni inazama, kitu kinayeyuka, kiboya kinapanda juu na uzi nyuma yake. Hakishiki upepo, hakionekani kwenye picha, wala hakisumbui vihisi. Kwa mtu wa picha kinavutia sana.

Mimi nina mashaka nacho, na nitasema kwa nini. Kwanza uzi una mwisho. Kina kikizidi uzi, kiboya kinabaki chini kinakungoja huko. Pili, kinaonyesha droni ilipo lakini hakiipandishi yenyewe, kwa hiyo wakati unatafuta mtumbwi droni inaendelea kulowa kwenye chumvi. Tatu, hewa ya pwani yenyewe ina unyevu. Changu nilikiacha kwenye begi wiki mbili za masika, nikakikuta kimefyatuka humo humo. Kwa ziwa lenye kina cha wastani, maji machafu, mahali ambapo mzamiaji haoni, kifaa hiki kinastahili. Kwa Tanganyika hakina maana, chukua sponji. Kwa Jambiani usinunue chochote kati ya hivi viwili. Nunua jedwali la maji kujaa na kupwa, au muulize mvuvi, atakuambia bure.

Vanishi na droni iliyozibwa

Vanishi ya saketi ni utando unaopakwa juu ya mbao za umeme, yaani bodi za saketi zilizo ndani ya droni, ili maji yasiguse shaba. Iko ya akriliki na iko ya silikoni. Ya silikoni inanyumbulika na inahimili unyevu vizuri zaidi. Ya akriliki ni rahisi kuikwangua ukitaka kutengeneza kitu. Nyingi zina rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, kama taa za kukagulia noti, ili uone ulipopasahau. Warushaji wa droni za mashindano hutumia hata rangi ya kucha isiyo na rangi. Inafanya kazi kiasi, ila inapasuka kwa joto.

Upakaji wenyewe una mitego. Ukiipaka kwenye kihisi cha mgandamizo wa hewa, kile chenye kitundu kidogo, droni haitajua tena iko juu kiasi gani. Usipake pini za soketi, nafasi ya memori kadi, vitufe, wala nyaya bapa za gimbali, kile kishikio kinachotuliza kamera. Na kufungua droni ya kukunja ya kisasa si kazi ya mezani jikoni. Ukikata waya bapa mmoja umejizamisha bila maji. Vanishi inafaa droni unayoijenga mwenyewe, ambayo mbao zake ziko wazi. Kwa droni ya dukani yenye dhamana, sikushauri.

Halafu kuna zilizozibwa tangu kiwandani. SplashDrone 4 ya SwellPro ndiyo inayojulikana zaidi: imeandikwa kiwango cha IP67, yaani haiingizi vumbi wala maji ikizama kidogo, inaelea, inaweza kupaa kutoka juu ya maji na kutua humo humo, hata ya bahari. Wavuvi wa ndoana Australia huzitumia aina hii kupeleka chambo mbali na ufukwe. Lakini ina uzito wa zaidi ya kilo mbili, ina mlio, haikunjiki ikaingia mfukoni, na bei yake inanunua droni ndogo kadhaa. Picha zake si mbaya, ila kwa pesa hiyo hiyo droni ya kawaida itakupa picha nzuri zaidi. Kanuni yangu ni hii: kama kazi yako yenyewe iko majini, unatua kwenye mtumbwi kila siku, unakagua vizimba vya samaki au unafanya uokozi, nunua. Kama unapita tu juu ya maji kwenda kupiga picha ya machweo, weka pesa hiyo kwenye droni ya pili ya akiba.

Bima

Hapa sitakaa. Mpango wa mtengenezaji mara nyingi hukubali droni iliyolowa, lakini anataka umrudishie mwili wa droni. Droni iliyoko chini ya mita 60 haina mwili wa kurudisha, labda mpango uwe na kipengele cha droni iliyopotea angani, na hapo utatakiwa kutoa kumbukumbu za safari. Soma kama nchi uliyoko imo kwenye orodha kabla ya kulipa, maana kwetu mara nyingi unanunua kitu ambacho kituo chake cha huduma kiko bara jingine. Boya lenyewe linaifanya bima iwe na maana: limekuletea mwili.

Kuitafuta

Rimoti usiizime. Kwanza piga picha ya ramani inayoonyesha mahali pa mwisho, kisha fungua kumbukumbu ya safari uangalie kimo, mwelekeo na kasi ya sekunde za mwisho. GPS haifanyi kazi chini ya maji, mawimbi ya redio ya droni hayapenyi umbali wa maana kwenye maji ya chumvi, na vile vidude vya kutafutia funguo navyo vinanyamaza. Unachobaki nacho ni nukta moja. Kama uliiona ikianguka, fanya kama wavuvi: simama ulipo, linganisha mnazi na mnara ulio nyuma yake, kisha alama nyingine pembeni. Mistari miwili ikikutana imekupa mahali bila simu.

Baada ya hapo ni kulinganisha watu, si vifaa. Sumaku ya kuvulia vyuma nimeona ikisifiwa. Droni ni plastiki na metali nyepesi, kinachoweza kunasa ni mota nne ndogo tu, na ukiwa na bahati. Ndoana na nanga ndogo zinafaa tope la ziwa lisilo na mawe, ila zinavunja mikono ya droni. Mzamiaji ni bora kuliko vyote pale anapoona. Ziwa Victoria fikiria mara mbili kabla ya kumwingiza mtu majini kwa ajili ya plastiki, kuna kichocho na pande nyingine mamba.

Ndani ya mwamba wa Unguja wanaonishinda ni akina mama wa mwani na wa pweza. Wanatembea pale kila maji yakitoka na wanalijua kila jiwe. Droni yangu ya pili aliipata mmoja wao, bamvu ya mwezi mpevu, ikiwa imejibana kwenye kamba ya shamba la mwani. Nilikuwa nimeshamjulisha sheha, kiongozi wa mtaa, mapema na kutaja zawadi, kwa hiyo aliyeiona alijua ni ya nani na si ya kuogopwa. Kumbuka maji kupwa yanasogea mbele karibu dakika 50 kila siku, na baada ya wiki moja bamvu inageuka maji mafu, yasiyotoka mbali. Ukikosa siku zile tatu nne, utangoja karibu nusu mwezi.

Imetoka majini. Mchele, jua au spiriti?

Betri kwanza. Itoe, iweke nje mahali pa wazi, juu ya mchanga au saruji, mbali na nyumba na gari, na usiichaji tena maishani hata ikiwa inaonyesha taa nne. Betri ya lithiamu iliyokunywa chumvi inaweza kuwaka saa nyingi baadaye. Usiwashe droni "kuangalia kama bado nzima". Hapo ndipo nyingi zinapokufa, mkononi mwa mwenyewe.

Memori kadi itoe, isuuze kwa maji baridi safi, ifute, iache ikauke siku nzima. Hizi kadi ni ngumu, zimefunikwa plastiki pande zote, na mara nyingi picha zinatoka zote.

Sasa mwili. Kwa droni ya bahari, jambo linalowashangaza watu ni kwamba inabidi uiloweshe tena. Chumvi ikikaukia ndani imeshinda. Isuuze kwa maji baridi mara tatu au zaidi, na kama fundi yuko mbali, bora iendelee kukaa ndani ya ndoo ya maji baridi, bila betri, kuliko kukauka na chumvi yake. Msuuzo wa mwisho ni maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri za gari. Uliza mara mbili: kuna wanaoita asidi kwa jina hilo hilo.

Kisha spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Inafukuza maji na kukauka haraka. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 ni thuluthi moja maji karibu. Itumie ukikosa, lakini subiri zaidi. Fungua skrubu unazoweza, sugua kwa mswaki laini, na usifanye karibu na jiko wala sigara.

Mchele? Upike. Hauvuti maji yaliyo chini ya chipu, hauondoi chumvi hata punje, na unaacha unga kwenye mota. Vifuko vya silika vya maboksi ya viatu ni bora kidogo, ila feni ya kawaida ikipuliza siku mbili au tatu inavishinda vyote viwili. Jua la moja kwa moja juu ya dashibodi ya gari linapinda plastiki na kuharibu gundi ya lenzi. Kama imezama baharini na ni droni ya bei, mpelekee fundi simu mwenye mashine ya kuoshea saketi kwa mitetemo ya sauti, wapo Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Wamezoea simu zilizoanguka chooni. Droni kwao ni jambo safi.

Ikikauka, zungusha mota kwa kidole. Inayokwaruza ina chumvi au mchanga kwenye beringi, ibadilishe. Iwashe bila propela kwa betri nyingine, uiache dakika kumi, ndipo uirushe kimo cha kiuno juu ya majani. Kitu cha kwanza kufa ni gimbali, mara nyingi wiki mbili baadaye, ukiwa umeshaanza kujisifu.

Ile ya shamba la mwani bado inaruka. Kamera yake imeinama kidogo kushoto na siichukui tena kwenye harusi. Nairusha shambani kwa mjomba, tunahesabu minazi.